Pepo, ugonjwa, au vyote viwili? Yale ambayo madaktari wa miaka ya 1950 walijifunza Afrika

Kuna swali ambalo mchungaji wa Kindu huulizwa mara nyingi, kwa sauti ya chini, mlangoni, wengine wakiwa wamekwisha kutoka kanisani: "Mchungaji, huyu mtoto ana pepo au ni mgonjwa?" Anayeuliza ni mama, au kaka mkubwa, au mjomba. Na nyuma ya swali hilo kuna lingine lililo la haraka zaidi: kesho asubuhi tumpeleke wapi? Kwenye chumba cha maombi, kwa mganga wa kienyeji, au kwenye kituo cha afya?

Wengi wanadhani kwamba mashindano haya kati ya maombi, mila na hospitali yameanza juzi. Sivyo. Yaligombaniwa sana Afrika miaka sabini iliyopita, na watu waliosoma, tena kwa kuwachunguza watu kama sisi. Wako waliokosea vibaya, na wako waliopata jambo ambalo makanisa yetu yangefaa kulijua. Nitaeleza habari zao, kisha nitasema zinatuhusu nini hapa Maniema.

Kwanza tujue hali ilivyokuwa. Serikali za kikoloni zilipojenga nyumba za wagonjwa wa akili, nia ya kwanza haikuwa kuponya. Ilikuwa kuwaondoa barabarani watu waliosumbua. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. Ni haki kutaja pia Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako Walutheri wa misheni ya Bethel kutoka Ujerumani walianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, wakiwapa kazi ya shamba na sala za kila siku. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kazi hii ni ngeni kwa Waprotestanti wa Afrika ya Mashariki. Lakini kwa jumla nyumba nyingi zilikuwa gereza lenye vitanda. Dawa za kweli hazikuwepo. Ulaya walikuwa wamegundua kutumia umeme kichwani mwaka 1938, na wengine walikata sehemu ya ubongo wa mbele ili kumtuliza mgonjwa. Mvumbuzi wa upasuaji huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, jambo ambalo leo madaktari wenyewe hulitaja kwa aibu.

Katika Mathari alikuwepo daktari mmoja, J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini. Alikabidhiwa hospitali hiyo mwaka 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Alihesabu wagonjwa walioletwa, akalinganisha na idadi ya wenyeji wa Kenya, akaona ni wachache. Akaona pia kwamba wenye huzuni nzito, wale wanaojilaumu na kukata tamaa, karibu hawapo. Akatoa hukumu: Mwafrika hapati huzuni kama Mzungu, kwa sababu akili yake haijafikia kiasi cha kujichunguza na kubeba wajibu wa nafsi yake. Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake mwaka 1953. Ndani yake alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwomba aeleze vita vya Mau Mau, naye akavieleza zaidi kama msukosuko wa akili ya Wakikuyu, kuliko kama ugomvi wa watu walionyang'anywa ardhi.

Tazameni kosa lilipoanzia. Lilianza kwenye hesabu, kabla hata ya dharau. Ni nani aliyepelekwa Mathari? Ni yule aliyepiga watu sokoni, aliyevua nguo mjini, aliyekamatwa na polisi. Mama aliyekaa nyumbani miezi sita bila kula vizuri, bila kusema, akilia usiku, nani angempeleka kwa serikali? Hakusumbua mtu. Kwa hiyo hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa, daktari akaandika kwamba hayupo duniani. Nasi katika makanisa yetu tunafanya hesabu ya namna hiyo hiyo. Tunamwona mgonjwa anayepiga kelele wakati wa ibada. Yule anayekaa kimya kwenye benchi la nyuma, ambaye ameacha kuimba kwaya tangu mwaka jana, tunasema amepoa kiroho.

Aliyethibitisha kwamba mama huyo yupo ni mwanamke Mwingereza, Margaret Field. Alikuwa mtafiti wa mila za watu, kisha akasomea udaktari na magonjwa ya akili, akarudi Ghana katika miaka ya 1950. Hakukaa hospitalini kungoja. Alikwenda vijijini kwa Waashanti, akaketi penye madhabahu za waganga, mahali ambapo watu walikuja wenyewe na shida zao, akawasikiliza mmoja mmoja. Akakuta wanawake wengi, hasa wenye umri mkubwa, waliokuja kujishtaki. Walisema: mimi ni mchawi, nimewaua watoto wangu, nimeharibu mali ya ndugu zangu. Field alipochunguza zaidi alikuta hawalali, hawali, wamejaa hatia isiyo na sababu, wanataka kufa. Kwa lugha ya daktari, huo ni ugonjwa wa huzuni nzito, ule ule uliosemekana Afrika haupo. Ulikuwa umevaa mavazi ya nyumbani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960.

Naomba msome tena sehemu hiyo polepole, ninyi mnaoongoza vikundi vya maombi. Bibi anapokiri uchawi mbele yenu, watu hushangilia kwamba siri imefichuka. Lakini kukiri kwake kunaweza kuwa ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa. Na mnajua kinachomfuata bibi wa namna hiyo katika mitaa yetu baada ya neno hilo kutoka kinywani mwake. Nimeona familia ikigawanyika kwa sababu ya ungamo moja la usiku wa mkesha, na mwenye kuungama hakuwa amepata usingizi wa kweli kwa majuma mengi.

Sasa niwapeleke Nigeria, kwa mtu ambaye nampenda zaidi katika habari hizi zote. Thomas Adeoye Lambo alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Abeokuta. Ni mji ambao Samuel Ajayi Crowther, aliyekuja kuwa askofu, alifanya kazi ya injili katika miaka ya 1840. Na Lambo mwenyewe alisoma shule ya wavulana ya Wabaptisti pale pale. Akasomea udaktari Birmingham, kisha magonjwa ya akili London. Mwaka 1954 alirudi kusimamia hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji wake. Shida ni kwamba majengo hayakuwa yamekamilika. Mtu mwingine angengoja saruji. Lambo aliwaendea wakuu wa vijiji vilivyozunguka Aro, akawaomba wenyeji wapangishe vyumba kwa wagonjwa.

Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asije peke yake. Alipaswa kuja na angalau ndugu mmoja, mama, dada, shangazi au kaka, ambaye angelala naye, angempikia, angemfulia, na angempeleka hospitalini kila asubuhi na kumrudisha alasiri. Hospitalini alipata dawa na matibabu ya kisasa. Kijijini alibaki mtu mwenye jina, mwenye ndugu, anayesalimiwa na majirani na kucheza ngoma ikipigwa. Wenyeji nao walifaidika: walipata kodi ya nyumba, walisaidiwa kurekebisha vyumba, na hospitali ilishughulikia maji na usafi. Hofu ya wagonjwa ilipungua kwa sababu watu waliishi nao na waliwazoea.

Kuna faida ambayo haionekani mara moja. Mgonjwa akifungiwa mwaka mzima mbali na kwao, nafasi yake hujifunga nyuma yake. Shamba linachukuliwa, mke anarudi kwao, watoto wanazoea. Akipona, hana pa kurudi, na kwa kukosa pa kurudi anaugua tena. Lakini ndugu aliyekaa naye ameona kupona kwake siku kwa siku. Anarudi naye nyumbani akiwa shahidi. Anajua dawa gani anameza, anajua dalili za mwanzo zikirudi. Hakuna barua ya daktari inayoweza kufanya kazi hiyo.

Lambo alifanya jambo lingine lililowakasirisha madaktari wengi wa wakati wake, nalo bado linatusumbua sisi wahubiri: aliwaalika waganga wa jadi kufanya kazi karibu na hospitali. Mimi kama mchungaji sikubaliani na kila kitu hapo. Mganga anayetafuta mchawi wa kulaumiwa anafungua jeraha jipya katika ukoo ili kufunga la zamani. Lakini Lambo aliona kitu cha kweli, kwamba mganga alimuuliza mgonjwa habari ambazo daktari hakumuuliza: umegombana na nani, baba yako alikufaje, deni gani halijalipwa. Madaktari walioacha maswali hayo walibaki na nusu ya mtu.

Mwaka 1961 madaktari wa magonjwa ya akili kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Abeokuta kwa mkutano wao wa kwanza. Miaka hiyo hiyo Lambo alishirikiana na Alexander Leighton wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, kufanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba miongoni mwa Wayoruba. Matokeo yalichapwa mwaka 1963. Safari hii hawakuhesabu walioletwa na polisi. Waliwafuata watu walipo, na wakakuta huzuni na wasiwasi tele, kama walivyokuta Kanada kwa uchunguzi wa namna hiyo. Nadharia ya Carothers ilianguka. Frantz Fanon, daktari wa Martinique aliyefanya kazi Blida, Algeria, kati ya mwaka 1953 na 1956, alikuwa amekwisha kuishambulia kwa ukali katika kitabu chake cha 1961. (Ni Fanon huyo aliyekutana na Patrice Lumumba Accra mwaka 1958.) Naye Fanon alijifunza kwa kushindwa: alipoleta Blida michezo na sherehe za Kifaransa kwa wagonjwa Waislamu, walikaa kimya tu. Alipowafungulia nyumba ya kahawa ya kwao na kusherehekea sikukuu zao, wakaanza kusema.

Na sisi Congo? Wakati huo Wabelgiji walikuwa wakituchunguza zaidi kuliko kututibu. Profesa André Ombredane wa Brussels, kwa mfano, alichapa mwaka 1954 kitabu juu ya picha alizowaonyesha Wakongomani akiwaomba watunge hadithi, ili aijue "akili ya Weusi." Elimu ilichelewa. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960 kilikuwa hakijatoa daktari wake wa kwanza, sembuse daktari wa akili. Kituo kikubwa cha Kinshasa cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, ambacho wengi wanakijua kwa herufi CNPP, kilianza mwaka 1973. Huku kwetu mashariki, wengi wanaijua Sosame ya Bukavu, iliyoanzishwa na watawa wa Kikatoliki, Frères de la Charité, katika miaka ya 1990. Bukavu pia iko Panzi, hospitali ya kanisa letu la Kiprotestanti la CEPAC, iliyoanza mwaka 1999, ambako wanawake walioumizwa na vita hupata daktari wa mwili pamoja na mtu wa kuwasikiliza.

Nisipotaja dawa nitakuwa nimeficha nusu ya habari. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne huko Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa klopromazini, ile ambayo wauguzi wetu wa zamani huiita Largactil. Vyumba vilivyokuwa na kelele usiku na mchana vikatulia. Mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji, ikapatikana haloperidoli. Dawa hizi zote mbili bado zinatumika. Zinapunguza nguvu ya kemikali moja ya ubongo inayoitwa dopamini, na kwa wengi sauti wanazosikia hupungua au kuondoka. Mwili hutulia katika siku za kwanza, lakini mawazo yenyewe huchukua majuma kadhaa kunyooka. Ndiyo maana mtu husema baada ya siku nne kwamba dawa imeshindwa. Tena zinaweza kukaza shingo, kutetemesha mikono, kumtoa mtu mate. Watu wakiona hivyo husema amerogwa tena. Hapana, ni dawa. Arudishwe kwa muuguzi apunguziwe kipimo au aongezewe nyingine. Asiachishwe.

Hapo ndipo penye hatari kubwa katika makanisa yetu. Mgonjwa ameanza kupata nafuu. Anaingia mfungo wa siku saba au ishirini na moja. Anaambiwa kumeza vidonge ni kukosa imani. Kwa siku kadhaa anaonekana mzima, hata mchangamfu zaidi, na ushuhuda unatolewa. Dawa hutoka mwilini polepole, na ugonjwa hurudi majuma au miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena siku ile vidonge vilipotupwa. Wanasema pepo saba wamerudi. Wengine hufungwa kamba, au mnyororo. Nasema wazi: mfungo wa mgonjwa wa akili ufungwe na ndugu zake. Yeye ale, alale na ameze dawa. Eliya alipotaka kufa chini ya ule mti jangwani, malaika hakumkemea kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena.

Je, nimesema pepo hawako? Sijasema. Lakini someni Matayo 4:24. Mwandishi wa Injili anawataja wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza mmoja baada ya mwingine, kama watu wa aina mbalimbali, na wote waliletwa kwa Yesu. Yeye aliyeandika alijua kutofautisha. Sisi tuliokuja baadaye ndio tuliochanganya kila kitu katika kapu moja.

Inabaki habari ya mazungumzo, maana dawa hutuliza lakini haiulizi mtu amepatwa na nini. Carl Rogers, Mmarekani aliyesoma miaka miwili katika seminari ya theolojia New York kabla ya kugeukia saikolojia, alifanya jambo jipya kabisa: alirekodi mazungumzo yake na wagonjwa kwenye sahani za santuri, na mwaka 1942 akachapa mazungumzo mazima ya mtu mmoja, neno kwa neno. Kabla ya hapo kila mtaalamu alisimulia kwa kukumbuka, na katika kukumbuka kila mtu ni mshauri mzuri. Kwenye rekodi ilionekana kwamba washauri waliopenda kuagiza walisema maneno mengi kuliko mwenye shida. Naomba kila mchungaji ajaribu kufikiri rekodi hiyo ingesema nini juu ya ofisi yake. Kabla ya Rogers, mwaka 1925, Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya Worcester huko Marekani. Alitaka wasome watu kama wanavyosoma vitabu.

Na hatukosi wetu. Masamba ma Mpolo, mchungaji na mwanatheolojia wa Congo, aliichukua elimu hiyo akaileta kwenye swali letu la uchawi. Kitabu chake juu ya kufunguliwa kwa waliorogwa kilichapwa Yaoundé mwaka 1976. Hakumcheka anayesema amerogwa, wala hakumtafutia mchawi. Alichukua neno hilo kama mlango wa kuingilia katika ugomvi uliofichwa ndani ya ukoo, na aliikutanisha familia kuuzungumza. Vitabu vyake vingepaswa kuwa katika kila maktaba ya chuo chetu cha Biblia.

Kwa hiyo mama anaponiuliza mlangoni kama ni pepo au ni ugonjwa, sasa nami huuliza. Analala? Anakula? Amesema anataka kufa? Ilianza lini, ghafla au polepole? Alikuwa na homa, maana malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aropoke, na hiyo si ya kungoja hata saa moja? Kuna vidonge alivyokuwa akimeza, na nani alimwambia aache? Majibu tunayaandika kwenye karatasi iende naye kituo cha afya, kwa sababu muuguzi mwenye wagonjwa arobaini hana muda wa kuyachimba. Kama amesema anataka kufa, haachwi peke yake usiku huo, na mashemasi hugawana zamu.

Ikiwa itabidi asafiri hadi Bukavu, watu wa Kindu wanajua gharama yake. Parokia huchangisha nauli, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi tunachangia nauli ya mtu mmoja, tunampakia mgonjwa na mtu wa kumkabidhi, kisha huyo anarudi na ndege inayofuata. Nimeanza kuwaomba mashemasi wetu wahesabu watu wawili tangu mwanzo: mgonjwa, na ndugu atakayebaki naye, pamoja na sufuria, unga na pesa ya chumba.